Mashine ya Hewa Si Mashine Hewa

Meza Namba Tatu,
Nyuma ya mashine ya randa,
Karakana ya Ushirika wa Mafundi.

Kwa Katibu wa Ushirika,
Chumba chenye feni.

Ndugu Katibu,

KUHUSU: KUPINGA MASHINE YETU KUITWA HEWA, NA MIMI MTUNZAJI WAKE KUPEPERUSHWA NAYO

Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa na umeshakula, kwa sababu ina uzito. Mimi mwili haujambo, ila moyo ndio unaumwa. Kabla ya yote nakushukuru kwa yale maji baridi uliyotukaribisha nyumbani kwako Jumapili, tulipokuja kumpa pole mama watoto wako aliyeteguka mguu. Fundi bomba mpaka leo anayasimulia. Anasema tangu azaliwe hajanywa maji ya namna ile, meno yalimlia. Friji yako imepona, sote tumefurahi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Jumanne ulifika karakana kuhesabu vifaa, ukiwa na daftari, kalamu nyekundu na ile miwani uliyorudi nayo kutoka semina. Ukahesabu nyundo, ukahesabu misumeno, ukahesabu hata fagio, ukakuta moja na nusu. Ulipofika mstari wa kumi na saba ukasimama. Pale pameandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mashine hewa, moja." Ukatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Ukatangaza mbele ya mafundi wote: "Semina nzima tumefundishwa kuwasaka wafanyakazi hewa, mimi leo nimekamata mashine hewa! Tena mwenyewe kaiandika kabisa, hana hata aibu!" Ukatazama msumari wa ukutani, ukaukuta mtupu. Ukapiga mstari mwekundu, na pembeni ukaandika: "Haipo. Ifutwe. Mtunzaji ajieleze kabla ya Ijumaa, la sivyo funguo za stoo apewe Sponji wa makochi."

Ndugu Katibu, mimi ni mtu wa dunia. Hawaniiti Kimataifa bure. Nimekunja mabomba ya plastiki kwa watu wa mataifa manne, na wawili kati yao tulielewana hata lugha. Shule nilisoma hadi pale mwalimu wa hesabu alipoanza kuchanganya namba na herufi ubaoni. Nikaona huyu naye sasa kachoka, nikamwachia darasa lake. Lakini kuandika naandika, na kujieleza najieleza. Kwa kuwa wewe unapenda namba, nakuwekea namba.

1. Kuhusu "ya". Ile ni mashine YA hewa. Inapuliza hewa ya moto. Siku naiingiza kwenye daftari, nafasi ilikuwa finyu, kwa sababu mstari wa juu Seremala alikuwa ameandika "msumeno" kwa herufi za bango la mkutano, miguu ya herufi zake imeshuka mpaka kwangu. Nikatazama nafasi, nikatazama maneno, nikasema hapa lazima mmoja ateremke. Nikaiteremsha "ya". Herufi mbili tu, ndugu yangu! Mbona tangazo lako la mwezi jana liliandikwa, "Mafundi wote mnatakiwa kufa saa mbili kamili asubuhi"? Ulitaka kuandika "kufika". Nazo zilikuwa herufi mbili. Sisi tulikuelewa, tukafika, na hakuna aliyekufa. Nawe ungenielewa hivyo hivyo.

2. Mashine ipo. Ina umbo la bastola na rangi ya chungwa lililoiva. Waya wake una kiungo cha gundi ya umeme pale randa ilipoung'ata. Swichi yake ina ngazi mbili: ya kwanza ni upole, ya pili ni ghadhabu. Ukiuelekeza ule mdomo wa chuma kwenye mlango uliopakwa rangi tano na wapangaji watano, rangi inavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, halafu inachunika mpangaji mmoja mmoja mpaka unamkuta mwenye nyumba. Bomba la plastiki linalegea kama mkono wa mtoto aliyepitiwa na usingizi, unalipinda unavyotaka. Kitu kisichokuwepo kinaweza hayo? Ushahidi wangu wa kwanza ni kovu hili la mkono wa kushoto, nitakuonyesha. Ushahidi wa pili ni nyusi za fundi bomba. Mtazame vizuri. Anao mmoja.

3. Kuhusu jibu la Seremala. Karakana nzima mashine hiyo tunaiita Shangazi, kwa sababu ikishaanza haikatizwi, na ukiisogelea bila adabu unababuka. Sasa wewe ulimwuliza Seremala, "Hii mashine iko wapi?" Naye kwa heshima zote akakujibu, "Shangazi katoka kidogo, Katibu, atarudi." Ukamfokea: "Sikuulizi habari za ukoo wenu, nakuuliza mashine!" Seremala, ambaye ni mtu mwepesi wa kusaidia, akaongeza, "Ndiyo huyo huyo, kaenda kwa watu." Sponji akacheka hadi akakaa chini, na kwa fundi wa makochi kukaa chini si kazi ngumu. Nafafanua rasmi: kwa lugha ya karakana, "katoka" maana yake yuko uani anapoa. Na "kwa watu" maana yake ni uani vilevile. Uani kuna watu.

4. Kuhusu uvumi kwamba huwa namwazimisha. Naapa, Shangazi hajawahi kuvuka lango la karakana tangu nikabidhiwe. Isipokuwa mara moja, kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, gauni la bibi harusi liliponyeshewa kwenye kamba na gari la kumchukua limeshapiga honi mara mbili. Na mara moja kwa shemeji yangu mwenye saluni, kikausha nywele chake kilipokata roho mteja akiwa katikati. Hapo nilisimamia mwenyewe, swichi ya upole, umbali wa mkono mzima, na mteja aliondoka na nywele nyingi tu. Na mara moja kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Mvua ilikuwa siku ya nne, nepi zote mbichi, mtoto kafungwa shati la baba yake. Ndugu Katibu, mtu anakujia mlangoni machozi yanamtoka, nawe una hewa ya moto ya kutosha mtaa mzima. Ungemwambia huna? Basi ukizitoa hizo mara tatu, Shangazi hajawahi kuvuka lango.

5. Hapa palikuwa pa Sponji. Mke wangu amepasoma akaniambia nipaondoe, barua isije ikanuka. Nimepaondoa.

6. Kuhusu hali yangu nyumbani. Jumanne hiyo hiyo habari ilinitangulia kufika. Mama mkwe wangu, ambaye anakaa nasi na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akitafuta neno la kunitosha, sasa amelipata, na amelipata kwako. Nilipiga hodi. Mke wangu akauliza, "Nani?" Mama mkwe akanijibia: "Hakuna mtu, mwanangu, ni hewa." Chakula kikapakuliwa, kila mtu na sahani yake, yangu ikaja imeoshwa safi, inang'aa. Nikauliza kwa upole, "Mama, changu kiko wapi?" Akasema, "Kimo humo, baba. Chakula hewa. Kula kabla hakijapoa."

Tangu siku hiyo ndiyo salamu. Nikikohoa, wanafunga dirisha.

Nami nimekaa nikaifuata hesabu yako mpaka mwisho, nione inafika wapi. Mashine ikiwa hewa, mtunzaji wake ni hewa. Mtunzaji akiwa hewa, mke wangu ni mjane na msiba hatukuandaa. Milango yote niliyoichuna rangi mtaa huu inabidi irudie rangi zake, ukiwemo mlango wa ofisi yako, ambao ulikuwa wa kijani kibichi kama chura, na wewe mwenyewe ukaniomba niuchune. Na katibu ambaye amekuwa akiweka sahihi kwenye taarifa za mtunzaji hewa kwa miaka kumi na moja mfululizo, yeye tumwiteje? Sitalitaja neno hilo, kwa heshima yako. Lina herufi nne.

7. Kuhusu funguo. Hapa naomba nisifanye mzaha, ingawa mkono umezoea. Funguo za stoo zimekaa kiunoni kwangu miaka kumi na moja. Ziko tisa, na nikitembea zinaimba. Binti yangu mdogo huzisikia nikiwa bado kwenye kona ya duka la vioo, anakimbia kufungua mlango kabla sijabisha. Jana nilizivua nikazifunga kwenye leso, nikaingia nyumbani kimya, ili nijue Ijumaa itakuwaje. Hakuna aliyegeuka. Binti yangu alikuwa anachora, akaendelea kuchora. Nilisimama pale mlangoni, Katibu, nikaona kumbe mama mkwe hakukosea sana. Nikazitoa kwenye leso nikazitikisa. Ndipo akainuka.

Sponji simchukii. Ni mtu mwema, na makochi yake yanakalika. Ila kila kitu anachokishika anakiweka halafu anakikalia. Mwezi wa tatu alitafuta mkasi siku mbili nzima, ukaja kupatikana ndani ya kochi la mteja, na aliyeupata ni mteja, kwa kuukalia. Mtu huyo umpe funguo tisa?

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Mstari mwekundu ufutwe, na usifutwe kwa mate.

(b) "Ya" irudishwe mahali pake kwa wino wa Ushirika. Kama nafasi bado ni finyu, msumeno wa Seremala usogezwe.

(c) Utamke mbele ya mafundi wote, na kisha mbele ya mama mkwe wangu, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kwamba mimi nipo. Yeye ana sikio moja zuri, nitakuonyesha ni lipi.

(d) Ufike mwenyewe Ijumaa saa tatu kamili asubuhi kuihakiki mashine kwa macho yako. Utaikuta inaning'inia kwenye msumari wake kama ilivyo ada. Utaishika kwa mkono, ila si mdomoni. Nitaiwasha ngazi ya ghadhabu, na ukitaka nitauchuna mlango wa choo cha karakana mbele yako, ambao wewe na mimi tunajua una maandishi yasiyofaa kusomwa na wageni.

Nimalize kwa salamu. Nisalimie mlinzi wa lango, mwambie ile redio yake nimeshaifunga, imebaki skrubu moja ambayo haikupata pa kukaa. Nisalimie mama wa usafi na fagio lake moja na nusu. Fundi bomba anakusalimu kwa unyusi wake. Seremala anakusalimu na anasema hana kinyongo. Sponji unaye hapo ofisini kila saa kumi, utamsalimia tu. Na zaidi ya wote nisalimie mama watoto wako, mwambie mguu asiukanyage haraka.

Ni mimi, ninayeonekana, kushikika na kutoa kivuli,

Fundi Kimataifa,
Mtunza Vifaa (bado).

Nyongeza, hii isiingie kwenye faili:

Katibu wangu, hapa nakuandikia kama ndugu. Kule kwenye namba nne nilisema mara tatu. Ongeza moja. Shangazi yuko kwako.

Mama watoto wako alinijia wiki tatu zilizopita. Friji ilikuwa imeganda mpaka droo haitoki, naye alishaanza kuichokonoa barafu kwa kisu cha jikoni. Nikafikiria kile kisu na ile gesi iliyomo humo ndani, nikampa Shangazi, nikamwonyesha ngazi ya upole. Akaniapisha nisikwambie, maana umemkataza kuazima vitu vya Ushirika. Nikaapa. Ndiyo sababu Jumanne ulipokuwa unapiga mstari mimi nilikuwa natazama dari. Jumapili nilimwona kwa macho yangu, kakaa juu ya friji, kafunikwa kitambaa cha maua, juu yake mmeweka jagi. Lakini mgonjwa alikuwa analia na mguu, nikaona si adabu kudai. Nikanywa maji yangu.

Kiapo nimekitunza kadiri nilivyoweza, lakini leo ni siku ya tatu ya chakula hewa. Naomba usimgombeze. Mwambie umegundua mwenyewe, kwa akili zako za semina.

Basi Ijumaa saa tatu, ukija kuihakiki, tafadhali njoo nayo.