Goti la Kushoto Mbele ya Mjomba

Jamani, leo nimeaibika. Mtu mzima, nina wajukuu, nimeaibika huko juu Mgeta, mbele ya wakwe watarajiwa.

Mnaonijua wa zamani mnakumbuka nilikuwa mnenguaji wa bendi. (Mnaonijua wa sasa, ndiyo, ni huyu huyu Tekla, fundi cherehani wa Mafiga anayewapunguzia sketi.) Jukwaa niliacha siku nyingi. Mume wangu akafariki, nikabaki na cherehani na goti bovu. Mpaka akatokea Kosmas. Naye kafiwa na mke, analima karoti na kabichi Mgeta, anashuka mjini kuuza. Tumekubaliana kuoana. Kanisani kabisa, na shela. (Msicheke bado.)

Kikwazo kilikuwa kimoja: mjomba wake. Kwa Waluguru mjomba akikataa, mmekwisha, hata bwana harusi awe na mvi. Na Mzee Beatus alishasema yake: "Mcheza jukwaani hatulii." Kwa hiyo leo nilikuwa napelekwa nikatazamwe kama nimetulia.

Nikavaa gauni refu, kitambaa kichwani, hereni nikaziacha nyumbani. Lori lililokuwa linapanda kufuata kabichi likatuchukua. Njia nzima Kosmas ananipanga.

"Ukifika piga magoti, msalimie, kisha ukae. Usiongee sana."

"Sawa."

"Na usicheke kile kicheko chako."

"Nimesikia, Kosmas!"

Tukafika. Sebule imejaa: dada zake, shangazi zake, na majirani waliokuja kuazima chumvi. (Wote siku moja!) Mjomba yuko kwenye kiti chake, fimbo mkononi, uso mkavu. Nikapiga magoti kwenye mkeka, polepole, kama mtawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Kosmas. "Nyie wawili mmeshaanza kukaa pamoja?"

"Hapana, mjomba! Tunaonana kanisani tu. Nje. Baada ya misa."

Mzee akanikagua kuanzia kitambaa mpaka magoti. Kisha akasema, "Huyu mama anaonekana katulia."

Nilifurahi, jamani! Machozi yakanilenga, maana maisha yangu yote watu wamenisifia kiuno, utulivu hakuna aliyewahi kunisifia. (Laiti ningenyanyuka hapo hapo nikakae!) Lakini Skolastika, dada yake Kosmas, naye alifurahi. Akapiga kigelegele. Wenzake wakadakia. Wakaongeza na makofi.

Mwili wangu ukakumbuka kazi.

Enzi za bendi nilikuwa na mtindo wangu. Napiga magoti, vigelegele vikianza natikisa mabega, kisha najilaza kinyumenyume mpaka kisogo kinagusa sakafu. Leo hakuna aliyeniomba. Mabega yakaanza yenyewe. Nikajiambia, Tekla, acha. Mgongo haukusikia, ukaenda. Kisogo kikagusa mkeka, tena vizuri kabisa!

Makofi yakakatika.

Kurudi sasa. Goti likagoma. Nimelala chali, miguu imekunjika chini yangu, nayatazama mabati ya mzee wa watu. Shangazi mmoja akaanza kusali Salamu Maria. (Alidhani nimepandisha mapepo.) Wengine wakanishika mikono wakavuta. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Mlali, kule chini ya mlima.

Kosmas akaruka kutoka kwenye kiti. "Msimvute! Ni la kushoto! Linyoosheni la kushoto kwanza, halafu mkandeni nyuma ya goti kwa dole gumba, taratibu, kama anavyokandwa akiamka asubuhi!"

Shangazi akaachia sala katikati. Wote wakamgeukia Kosmas.

"Kosmas," mjomba akaita.

"Naam, mjomba."

"Nje ya kanisa, baada ya misa, huwa mnakandana magoti?"

Kosmas akainamisha kichwa. Mimi nikafumba macho. Nilijua imekwisha. Na yule mwanaume nampenda, nasema wazi, sina umri wa kuficha. Nilitaka kulia kweli, nikiwa vile vile chali.

Nikasikia fimbo inakuja, ko, ko, ikasimama karibu na sikio langu.

"Mwanangu, la kushoto?"

"La kushoto, mjomba."

"Mimi la kulia." Akashusha pumzi. "Kosmas, mkande mwenzio anyanyuke."

Kosmas akapiga magoti, akanikanda mbele ya ukoo mzima, na hakukosea mahali hata kidogo. (Kila alipopatia ndivyo tulivyozidi kuumbuka.) Nilipoweza kukaa, mjomba akawageukia watu wake.

"Nilisema katulia, na bado nasema katulia. Huyu hata akitaka kukimbia hawezi." Kisha akamnyooshea Kosmas fimbo. "Ila kwa padri unakwenda kesho. Hayo mambo ya asubuhi nisiyasikie tena mpaka mfunge ndoa!"

Skolastika akafungua mdomo apige kigelegele. Shangazi akamziba.

Sasa hivi nawaandikia nikiwa ndani ya lori tunashuka, mguu nimeunyoosha juu ya kapu la karoti, Kosmas pembeni anajifanya amesinzia. Harusini nitawaalika wote, mje mle, mcheze. Ila nikiwa nimepiga magoti pale altareni, atakayenipigia kigelegele atakuja yeye kuninyanyua.