Pakiti ya Kijani na Mibalungi ya Bibi

Jumatatu, 3 Juni

Zimebaki siku nne. Ijumaa saa sita mchana fomu za kazi ya likizo zinafungwa, na kila mwanafunzi wa biolojia anaandika maabara moja tu. Mimi nimeshaamua: kwa Profesa Yeh. Mashine mpya. Kiyoyozi cha kugandisha masikio. Na barua yake ya sifa inakufikisha mpaka ng'ambo. Nafasi ni moja.

Kikwazo nacho ni kimoja: Tu Pei-shan, anayekaa mbele yangu darasani na hajawahi kupata chini ya tisini. Naye anaitaka hiyo hiyo. Kazi ipo!

Bibi amepiga simu kutoka shambani kwake Madou. Majani ya mibalungi yake yanazidi kuwa manjano, hasa ya ule mti mkubwa alioupanda marehemu Babu siku baba yangu alipozaliwa. Kauliza kama huku chuoni hatuna daktari wa miti. Nikamwambia yupo, Profesa Lan, ila maabara yake ni ya bati na feni inalia kama mbuzi. Akasema kwani mjukuu wangu ni siagi, utayeyuka? Nikageuza mazungumzo.

Jumanne, 4 Juni

Kifurushi cha Bibi kimefika kwa basi. Wali wa kunata wa sikukuu, umefungwa kwa majani ya mianzi, vifungu ishirini. Na mfuko wa majani ya mibalungi, nimpelekee daktari. Wali nimeushughulikia mara moja. Majani nimeyatia kwenye begi, zamu yake itafika.

Nimepata mbinu! Mchana nimekaa na Pei-shan kantini, nikaisifu maabara ya Profesa Lan hadi koo likakauka. Nikampa na vifungu vinne vya wali. Nikamsimulia jinsi ugonjwa unavyoingia tawi baada ya tawi, jinsi Bibi anavyouamkia mti wa Babu kila asubuhi kabla hajanywa chai. Hapo nilisahau kidogo kwamba niko kazini. Macho yakaniwasha. Pei-shan akaacha kula, akasema hakujua kwamba nina roho nzuri namna hii. Maskini wa Mungu!

Alhamisi, 6 Juni

Kanasa! Kaandika Lan. Eti kwa sababu ya Bibi yangu. Uwanja ni wangu. Kesho usaili kwa Profesa Yeh.

Bibi kauliza majani yamesemaje. Nimemwambia yanapimwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeumbuka.

Usaili ulikuwa saa nne. Kwa woga sikula kitu asubuhi. Kaka Fang, mwanafunzi mkubwa anayeilinda ile mashine, akanikalisha karibu nayo, akatoka. Juu ya mashine kuna pakiti ya kijani, rangi ya taa ya usalama, vijiti vya mahindi ladha ya nazi, kama ilivyo juu ya kila mashine kisiwani humu ili itulie, isilete vituko. Najua haziliwi. Hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini nikasoma tarehe: imepitwa na muda wiki tatu! Iliyopitwa na muda hailindi kitu. Ni takataka. Mimi mwanasayansi. Nikala.

Nikakimbilia mashine ya vitafunwa ukumbini nilete nyingine. Za kijani zimekwisha. Nikachukua ya njano, nikaiweka pale pale kwa adabu zote. Rangi ni rangi.

Dakika sita tu. Mashine ikalia mara moja, ikazima.

Kaka Fang alipoiona ile njano akashika kichwa. Akasema we dogo, umetuwashia taa ya hatari? Tumekukosea nini? Profesa Yeh akaja, akasema yeye ni mtu wa sayansi, mambo haya hayaamini. Kisha akamtuma Fang mbio alete za kijani tatu, za mwezi huu, na akazipanga mwenyewe kwa mikono miwili. Mashine ikawaka! Kwangu akasema asante kwa kuja. Kidevuni nilikuwa na unga wa nazi.

Saa sita kasoro dakika kumi nimeandika Lan.

Jumatano, 3 Julai

Siku ya tatu ndani ya bati. Profesa Lan ni mama wa miaka sitini mwenye udongo kwenye kucha, na amemfanya Pei-shan kuwa mkubwa wangu. Mkubwa wangu!

Leo Pei-shan kaazima kalamu, nikamwambia iko kwenye begi. Akakuta majani ya Bibi, yamekauka, yameota ukungu. Akauliza haya yako humu tangu lini. Nikasema juzi. Akasema ulikaribia kulia pale kantini kwa ajili ya mti huu, na siku zote hizo umeubeba mgongoni?

Nimeona aibu. Hapa sina utani.

Mchana tumekwenda Madou, tukachuma majani mapya, kila mti na mfuko wake. Bibi akamshika Pei-shan mkono, akamwita mwanangu, akamlisha mpaka binti akafungua kifungo cha suruali.

Alhamisi, 11 Julai

Majibu. Miti kumi na mmoja. Kumi mizima. Wa Babu unaumwa, na ugonjwa huu hauna dawa. Usipokatwa, utaondoka na wenzake wote.

Nilitaka kumwandikia Bibi ujumbe kwenye simu. Pei-shan kasema thubutu uone.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemwambia mwenyewe, ana kwa ana. Bibi akaenda kuuamkia mti, akaumwagia chai shinani, akamwomba Babu radhi. Kisha akanipa msumeno. Nimelia waziwazi, Pei-shan amelia, msumeno ukakwama mara tatu. Bibi hakulia. Akasema kumi inatutosha kwa mabalungi ya sikukuu ya mbalamwezi, na kwamba daktari wake ni mimi. Nampenda bibi huyu kuliko maabara zote duniani.

Ila haki yangu niandike. Nani alimpeleka Pei-shan kwa Lan? Nani alijitoa kwa Yeh kwa ustadi ule? Haya yote niliyapanga.

Na hiyo kumi inahitaji ulinzi. Kwa hiyo jana wakati wa kutoka niliichukua pakiti ya kijani juu ya mashine ya Profesa Lan, na sasa inaning'inia kwenye mti wa mbele. Bibi kafurahi sana. Njiani nilionja vijiti vinne tu. Mashine nayo sikuiacha hivi hivi, nimeiwekea ya njano. Rangi ni rangi.