Kuomba Nafasi ya Msiba wa Bibi Yangu Aliye Hai

Kwa Katibu wa Mheshimiwa Mbunge wetu,
Kupitia kwa Mwenyekiti wa Kitongoji.

Ndugu Katibu,

Shikamoo. Hatufahamiani, lakini mtu anayeshika ratiba ya Mbunge hawezi kuwa mdogo wangu. Mimi ni Edvina, mke wa Protase, tunalima migomba na kahawa huku Muleba. Nina watoto watatu na wa nne yuko njiani. Naandika huku Josia, wa tatu, akiwa mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukiyumba ujue ni yeye anarusha miguu.

Naomba Mheshimiwa Rutaihwa apangiwe siku ya kuja kumzika bibi yangu, Annastella. Bibi ni mzima. Leo asubuhi amepalilia maharage. Lakini usiitupe barua, ngoja nieleze kwanza.

1. Mheshimiwa tumemjua tangu akiwa mwenyekiti wa kitongoji hiki hiki. Siku hizo tukifiwa anakuja na jembe lake, anavua shati, anachimba kaburi na wenzake kibanjani, kati ya migomba, kisha anakaa chini kula ndizi na sisi. Magogo ya daraja letu yakioza, anayabadilisha kabla hajaombwa, maana hata mke wake alipita hapo.

2. Alipokuwa diwani, jembe aliliacha, akaja na mifuko miwili ya sukari. Tulishukuru. Alipokuwa mwenyekiti wa halmashauri, sukari ikageuka hotuba. Sasa ni mbunge, amehamia Kibeta mjini Bukoba, anakuja na magari manne, na marehemu anamngoja. Mzee Kahigi tulimweka juani hadi saa kumi jioni, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuchelewa misa. Cheo sikilalamikii. Nasema tu kwamba kila akipanda ngazi moja, huku kwetu gogo moja linaoza.

3. Daraja ndilo shida yangu hasa. Kati yetu na zahanati kuna kijito. Magogo yalikuwa sita, yamebaki mawili, na moja linazunguka ukilikanyaga. Mwaka juzi uchungu ulinishika mvua ikinyesha, maji yamejaa, nikajifungulia upande huu, chini ya mibuni, mama mkwe ameshika mwavuli. Ndiye Josia huyu. Ni mzima, anakula kuliko baba yake. Lakini sitaki kurudia. Wa nne anatarajiwa mwezi wa nne, na mvua ya mwezi wa nne huku unaijua.

4. Mheshimiwa nimemwita kwa njia zote za kistaarabu. Ubatizo wa Josia: ana kikao. Mkutano wa daraja: ana kikao. Harusi ya Sumaiya, binti wa jirani yetu Lukmani mwenye duka: alituma salamu. Lakini akifa mtu, hata yule aliyekuwa hamsalimii, hata akichelewa vipi, lazima afike ashike kipaza sauti. Mwaka jana alizika watu saba, wote wa upande wa barabara ya lami. Ndipo nikaelewa kwamba ratiba yako ina mlango mmoja, na mwenye ufunguo ni marehemu.

5. Hivyo tunahitaji marehemu upande huu wa kijito. Tulikaa kama familia. Protase hafai, bado tunamtumia. Mama mkwe alisema, "Mimi? Nife ili mtu apate pa kuhutubia? Mniache!" Ndipo Bibi, ana miaka themanini na tisa, akasema, "Niandikeni mimi. Tena akija nitampokea mwenyewe. Yule mtoto nimemwogesha kwenye beseni, anataka kuniogopesha na magari?"

6. Tumependekeza Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu. Magari manne hayapiti kwenye magogo mawili, kwa hiyo Mheshimiwa achague: ajenge daraja kwanza, au avuke kwa miguu kama mimi, tumbo mbele. Tumbo analo. Bibi atakuwa amekaa mkekani, tayari kusikiliza wasifu wake. Anaomba msikosee: alizaa watoto tisa, si saba kama mlivyosema kwenye msiba wa dada yake. Mheshimiwa akishangaa kwa nini marehemu anakohoa, tutamwambia ni uzee.

Kifo sikichezei, Ndugu Katibu. Bibi huyu ndiye aliyenilea. Ila kuna kifo ninachokiogopa zaidi, cha mwanamke mwenye uchungu aliyesimama mbele ya maji, na bati la zahanati analiona kwa macho yake. Huyo hatapata nafasi ya kukuandikia.

Nisalimie Mheshimiwa, mama watoto wake, na dereva wa gari la nne, ambaye sijawahi kujua huwa amembeba nani. Bibi anasalimu, na Josia pia, kwa miguu yote miwili.

Ni mimi ninayesubiri, ila mtoto hasubiri,
Edvina Protase

Nyongeza: Barua hii ilikaa siku tano kwa mwenyekiti wetu, Rweyemamu, ikingoja muhuri. Yeye husoma kwa kurukaruka. Akaona "Mbunge", akaona "Jumamosi", akachukua kipaza sauti akapita akitangaza kwamba Mheshimiwa anakuja. Watu wakaona aibu: mgeni mkubwa namna ile avuke kwenye magogo mawili? Wanaume wakakata mikaratusi, wanawake tukasomba mawe, Lukmani akatoa misumari, pombe ya rubisi ikanyweka, na juzi daraja likakwisha. Lina hadi kingo za kushika. Nimelivuka mara tatu bila safari yoyote.

Kwa hiyo ombi langu nalifuta. Asije, Bibi ana maharage ya kupalilia. Ila paa la chumba cha kujifungulia pale zahanati linavuja. Naomba tu mtangaze kwamba Mheshimiwa atalitembelea mwisho wa mwezi, halafu mumzuie huko huko Kibeta.