Vichwa vya Viazi vya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Magoti ya shangazi yamegoma kupanda kilima. Leo kanielekeza mimi, si mwingine, mahali penye viazi vikuu vya mwituni alivyoachiwa na mama yake. Ndivyo vinavyomvusha kila mwaka mpaka mahindi yakomae. Akaniagiza nichimbe, nimletee, ila kichwa cha kila kiazi nikirudishe shimoni na kukifukia, kiote tena. Nikaapa, nikafanya hivyo. Jirani seremala akaniona nikishuka, akauliza nimebeba nini. Nikasema kuni. Ndani ya kikapu!

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Kilima cha nini, na mimi nina uwanja nyuma ya jiko? Nimerudi kimyakimya, nimefukua vichwa vyote. Nimevipanda kwenye samadi mbichi, ile inayotoa moshi. Seremala anaringa na maboga yake? Ngoja aone viazi vya mlimani vikitambaa mpaka juu ya paa langu! Shangazi simwambii. Atashangaa mwenyewe.

Jumapili, 17 Machi
Harufu. Nikafukua kimoja: uji. Cha pili: uji. Vyote uji! Seremala akachungulia juu ya ua, akasema samadi mbichi inaunguza, hata kuku wake wanajua. Nikadai natengeneza mbolea. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 19 Machi
Shangazi kataka kuona kama vimechipua. Nikasema njia inateleza. Akapanda hivyo hivyo, na fimbo yake, akipumzika kwenye kila jiwe. Akakuta mashimo matupu. Hata kuyafukia nilisahau! Nilingoja matusi. Aliniuliza tu mama yake alinikosea nini. Mwakani atakula nini, maskini? Nimelia nyuma ya jiko, machozi na kamasi. Majuto ni mjukuu, na wangu kazaliwa kabla ya mtoto.

Alhamisi, 21 Machi
Nimempigia shangazi magoti. Kanisamehe, kanipa na chai. Kumbe viko viazi vingine, ng'ambo ya kijito! Nikachangamka. Akasema kesho anamtuma seremala akavichimbe, maana mimi siaminiki hata na mche wa mchicha. Mtu baki, na mimi damu yake! Imeniuma sana. Lakini nimestahili, sina la kujitetea.

Kesho nitamfuata seremala kwa mbali. Akishashuka tu, nafukua vichwa. Kosa langu nimeshalijua: ilikuwa samadi. Safari hii nitatumia majivu.