Masharti ya Kuingia Uani Kwangu

Mwl. Valeria Ndayiragije (Mstaafu),
Mabamba,
Wilaya ya Kibondo,
Kigoma.

Afisa wa Viza,
Ubalozini,
Dar es Salaam.

Ndugu Afisa,

YAH: VIZA MLIYONINYIMA, NA VIZA MTAKAZOANZA KUOMBA KWANGU

Pokea salamu kutoka huku milimani, ambako mvua imetukubali na mihogo inakwenda vizuri. Najua hukuuliza habari za mihogo. Mimi nilifundishwa kusalimu kwanza ndipo niseme lililonileta, na nimewafundisha hivyo watoto wa darasa la tatu kwa miaka thelathini na nne. Jina la nchi yenu sitaliandika humu. Mliponijibu nyinyi hamkuandika langu, mliandika namba yenye tarakimu kumi na moja, basi tuendelee hivyo hivyo.

Usije ukanichanganya na waombaji wengine. Mimi ni yule mama wa kitenge cha bluu wa dirisha namba nne, aliyeinama kuzungumza nawe kupitia kitundu cha kwenye kioo. Niliomba viza ya matembezi. Binti yangu Epifania, anayefanya kazi huko kwenu kihalali na kuwalipa kodi, alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu mama ndiye anayemkanda binti yake, anampikia, anambeba mtoto ili mzazi apate usingizi. Hilo tu ndilo lililokuwa linanipeleka. Minara yenu nimeshaiona kwenye kalenda. Mkaninyima. Mtoto amezaliwa, wa kike, ana wiki saba sasa, na mimi bibi yake namwona kwenye simu tu, uso ukiganda kila mtandao unapoyumba. Nina hasira, na kwa kuwa ni mwalimu nimezipanga kwa namba.

1. Fomu yenu ina kurasa kumi na saba. Kibondo mjini niliambiwa mtaalamu wa fomu za nje yuko Kasulu, nikapanda basi mpaka kwa Mansuri, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Mansuri kwao ni Tanga na maneno hayajawahi kumpungukia, lakini ukurasa wa sita yalimwisha. Mliuliza kama nimewahi kushiriki mauaji ya halaiki. Mliuliza kama nina mpango wa kuipindua serikali yenu. Nina miaka sitini na sita na goti la kushoto linanisumbua, na ningekuwa huko napindua serikali, mtoto angeogeshwa na nani? Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta mpaka amenawa na ameshiba. Nyinyi mnamhoji mtu kurasa kumi na saba na hata maji ya kunywa hamjampa, halafu mnajiita mlioendelea.

2. Hapa ndipo mliponimaliza. Ukurasa wa tisa mnataka tarehe ya kuondoka. Mansuri alinisihi, mama mwalimu taja tarehe yoyote tu, hata ya kubahatisha, tumalize. Nilikataa. Kwetu mgeni anayetaja siku ya kuondoka kabla hajaketi amemtukana mwenyeji, maana ni kusema nyumba yako haikaliki na sufuria yako nimeshaichungulia. Mgeni hukaa. Mwenyeji akiona inatosha, huanza kumfungashia maharage ya kwenda nayo, na mgeni mwenye akili huelewa, akaaga. Basi nikamwambia Mansuri aandike: "Nitaondoka mwenyeji atakapoona inafaa." Akaandika huku anaguna. Pale dirishani ukaniuliza swali lile lile mara tatu, na mara tatu nikakueleza kwamba siwezi kukuvunjia heshima. Ukatabasamu, nikadhani tumeelewana. Kumbe kwenye karatasi ya majibu umeweka alama ya vema kwenye kisanduku kinachosema sina nia ya kurudi kwetu. Nilijaribu kuwa na adabu katika nchi ambayo sijaingia, mkaniona mzamiaji.

3. Mlitaka vielelezo kwamba nina kitu cha kunirudisha nyumbani. Nilikuja navyo siku mbili kwenye basi, nimevifunga kwenye nailoni visilowe: picha ya ng'ombe wangu wawili, mmoja akiwa na mimba, picha ya migomba, barua ya kwaya ninayoifundisha, na picha ya kaburi la marehemu mume wangu nyuma ya nyumba, pamoja na nafasi niliyoisafisha pembeni yake iwe yangu. Mkavirudisha chini ya kioo, mkasema si nyaraka zinazotambulika. Hapo, Ndugu Afisa, sina mzaha. Mtu ameshachagua mahali pa kuzikwa, nanyi mnamwambia hana sababu ya kurudi. Nilitoka nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikalia, na mlinzi wenu akaja kuniomba nisogee mbele kidogo, nisizibe geti.

4. Picha yangu ya kwanza ilikataliwa kwa sababu nilitabasamu. Hili halihitaji maelezo.

5. Sasa tuje kwa watu wenu. Mtalii wenu akitaka kuja kwetu anajaza fomu kwenye simu akiwa amejilaza, au anatua uwanja wa ndege, muhuri unagongwa, kaingia. Hakuna anayemuuliza kaburi la baba yake liko wapi. Mwaka juzi mmoja alipita hapa kwenda kuwinda huko porini Moyowosi, akasimamisha gari, akalipiga picha paa la choo changu bila kubisha hodi. Serikali yangu ni yenye upole, na mimi siwezi kuisemea. Lakini ua huu ni wangu, na kuanzia leo raia wa nchi yenu anayetaka kuuingia atatimiza yafuatayo:

(a) Atajaza fomu ya kurasa kumi na nane, ya Kiha. Akihitaji mkalimani atamtafuta mwenyewe.

(b) Ataleta taarifa ya ghala ya miezi sita, ikionyesha magunia ya makopa ya mihogo na maharage yaliyoingia na yaliyotoka. Karatasi za benki hazitapokelewa. Mtu mwenye pesa za benki tu, asiye hata na tuta moja la viazi, tutamhesabu kuwa ni maskini anayetafuta mahali pa kujibanza.

(c) Ada ni jogoo mmoja aliyekomaa. Jogoo harudishwi hata ombi likikataliwa.

(d) Usaili utafanyika kwenye dirisha la jikoni. Mimi nitakuwa ndani, mwombaji atakuwa nje kwenye mvua, nasi tutasikilizana kupitia ufa. Akipita, atakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Ndugu Japhet, agongewe muhuri, siku Ndugu Japhet atakapokumbuka alikouweka.

6. Sitaishia kwa watu. Nguo kuukuu za kwenu zinaingia Kasulu kwa marobota, suruali na makoti, na hakuna hata moja iliyowahi kuulizwa itaondoka lini. Zimekuja matembezi zikahamia. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba kila koti lifanyiwe usaili. Wale korongo wenu weupe nao wanakimbilia kwetu kila baridi inapowazidi, wanajaa kwenye mabwawa yetu, wanakula vyura wetu miezi mitano, na sina taarifa ya benki ya korongo hata mmoja. Wapeni pasipoti au wafungieni kwenu.

7. Upande wa pili, kahawa yangu inakwenda kwenu kila msimu. Haitoi picha, haiulizwi kuhusu halaiki, inapokelewa kwa shangwe na kutiwa kwenye vikombe. Nimeilima mimi. Siku ile mashine yenu ilishindwa kuvisoma vidole vyangu, ukaniambia alama zimefutika, nijaribu tena na tena. Zimefutwa na jembe, Ndugu Afisa, nikipalilia hiyo kahawa unayokunywa hapo dirishani. Sasa naona bora nayo ibaki nyumbani na mimi, tuone mtaamka na nini.

8. Mwisho, napenda kuwajulisha rasmi kwamba siitaki tena nchi yenu. Hata mkiniletea viza kwenye sinia, mkanipigia na vigelegele, sitakuja. Nimeshamwambia Epifania kwamba mtoto akikua ataletwa, na kama hataletwa basi. Nimelea watoto wa watu zaidi ya elfu moja, sitakufa kwa kumkosa mmoja. Jambo hili kwangu limefungwa na sitaki liletwe tena mezani.

Nakala ya barua hii nampelekea Ndugu Japhet kwa utekelezaji. Nisalimie Balozi na familia yake, nisalimie yule dada wa mapokezi aliyenielekeza chooni, na yule mlinzi pia, maana ametumwa tu. Wasalimie na watoto wako kama unao, na mama yako kama yu hai, umwambie Valeria wa Mabamba anamwamkia.

Niliyekuwa mwombaji wenu, na sasa mpokea maombi yenu,

Mwl. Valeria Ndayiragije

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaikunja alipotokea mwanamke wa nchi yenu, kwa baiskeli yenye kibendera chenu, akitokea Burundi. Amelowa chapachapa, anatetemeka kwa homa, hajui hata neno moja la Kiswahili. Hakuwa na jogoo. Ndugu Japhet alipita akataka kuanza kazi niliyompa, nikamfukuza. Leo ni siku ya nne mgeni huyo yuko kwenye kitanda cha Epifania, na sijamuuliza kitu. Masharti niliyoyataja hapo juu yataanza kutumika kwa atakayefuata. Unga wa ulezi niliousaga mwenyewe ili nimpelekee binti yangu ndio ninaompikia uji, maana unga haukai, na anaunywa vizuri. Jana nilimpa simu yangu ampigie mama yake. Wamelia wote wawili, na mimi nikatoka nje.

Nimekwenda Kasulu tena. Fomu mpya, kurasa zote kumi na saba, iko ndani ya bahasha hii. Mtoto bado hajapewa jina la kwetu, Epifania anasema mimi ndiye wa kulitamka na ataningoja. Naomba sana, ndugu yangu.