Gitaa la Kunitoa kwenye Sururu

Jumatatu, 3 Septemba 1979
Kambi ya barabara, Kathonzweni

Imefika! Imefika! Karani wa posta amenipa bahasha ya kaki. Ndani kaseti moja na kijitabu chenye picha za vidole. Kozi ya gitaa kwa njia ya posta, kutoka Nairobi. Kwenye jalada mwalimu anacheka meno yote. Chini wameandika kwamba hata asiyejua kitu atapiga. Huyo ni mimi! Sijui kitu kabisa.

Sababu ya haraka niiandike hapa, maana kambini siwezi kuisema. Mpiga gitaa wa kwaya, ambaye pia alikuwa mtu wa stoo, amehamia Mombasa. Nyapara wetu Mutiso ndiye mwalimu wa kwaya. Ametangaza kwamba atakayepiga gitaa Jumapili ya harambee ya mabati ya kanisa ndiye atapewa stoo. Anasema vidole vya gitaa na mpini wa sururu havipatani. Maneno ya hekima! Mimi niko kwenye sururu tangu barabara hii ilipokuwa njia ya mbuzi. Mgongo wangu unalia kama mlango. Stoo ina kivuli. Stoo ina kiti!

Tena mke wangu Nthenya anakuja. Atatoka nyumbani, kule mbele ya Mwingi, apitie Kitui, avuke mto Athi, siku nzima barabarani. Krismasi nilimwambia kwamba niko stoo tayari. Nilisema mbele ya mama yake, na mama yake akanichinjia kuku. Sasa anakuja kuiona hiyo stoo.

Gitaa ninalo. Nilibadilishana na yule wa Mombasa, yeye akachukua baiskeli yangu. Mpinzani ni mmoja, Kisilu wa Mbumbuni. Gitaa lake ni debe la mafuta, ubao na waya. Alifundishwa na mjomba wake. Mjomba! Hana hata kijitabu.

Redio ya kaseti ni ya Mbinya, mama anayetupikia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Amekubali niitumie nikimtekea maji. Akaniambia, "Lakini baba Kalunde, usinimalizie betri. Mimi jioni nasikiliza matangazo ya vifo. Siwezi kukaa bila kujua nani amekufa."

Jumanne, 4 Septemba

Somo la kwanza: kulinganisha nyuzi. Mwalimu anapiga uzi wake, wewe unakaza wako mpaka sauti zifanane. Ana sauti changamfu, kama mtu aliyelala vizuri na kunywa chai ya maziwa. "Karibu, mwanafunzi!" Nilikaribia.

Somo la pili: kushika nyuzi. Moto! Sururu imeshachukua kiganja, sasa nyuzi zimechukua ncha za vidole. Mkono wangu hauna tena mahali pa kukaa.

Mbinu. Kazini nilichora mistari ya makaa kwenye mpini wa sururu, sawa na shingo ya gitaa kwenye kijitabu, nikawa nafanya mazoezi nikiwa nimesimama. Mutiso akanikuta nimeikumbatia sururu, nimefumba macho, natikisa kichwa. Akauliza kama naumwa. Nikasema naomba. Akasema niombe nikichimba. Kisilu alicheka mpaka akakalia karai la simiti.

Alhamisi, 6 Septemba

Ajabu! Mwalimu amebadilika. Leo sauti yake ni nzito, ya polepole, kama mzee wa kanisa anayesoma majina ya wasiotoa sadaka. Bila shaka masomo ya mbele yana mwalimu mwingine, mwenye cheo. Nililegeza nyuzi zote, nikalegeza tena, mpaka nikamfikia huko chini. Na kumbe zikilegea haziumi! Nazishika kama kamba za viatu. Haya ndiyo maendeleo. Siku nne na mkono hauumi!

Mbinya alitoa kichwa jikoni akasema, "Huyo mtu wako anakata roho. Betri zimeisha hizo." Nikamwambia mambo ya muziki yana madaraja yake. Alinitazama kama sufuria iliyoungua.

Jumamosi, 8 Septemba

Mbinya ameniamuru nianike betri zake juani, kwa vile mimi ndiye niliyezichosha. Nimezianika juu ya mabati ya choo asubuhi yote, nikizigeuza kama mihogo. Mchana nikaweka kaseti. Yule mwalimu wa kwanza amerudi! Mbio, furaha, "Karibu, mwanafunzi!" Nimeelewa. Wanapokezana zamu, kama sisi.

Basi nikakaza nyuzi kumfuata. Nikakaza. Nikakaza. Paa! Uzi mwembamba umekatika na kunichapa kwenye nyusi.

Kathonzweni nzima hakuna duka lenye uzi wa gitaa. Lakini baiskeli ya Mutiso ina waya wa breki, na waya huo ukiufumua unapata nyuzi ndogo ndani. Nilimwendea nyapara kwa heshima, nikamwambia baiskeli yake inalia, nitaitia mafuta. Alinishukuru mbele ya watu. Nilichomoa waya, nikatoa uzi mmoja, nikaufunga kwenye gitaa. Safi! Waya uliobaki haukukubali kurudi mahali pake. Nikaufunga na kitambaa usionekane. Mutiso ni mtu wa mwendo wa taratibu. Hatauhitaji.

Jumapili, 9 Septemba

Ameuhitaji.

Alikuwa anashuka mteremko wa mto kwenda kanisani. Hakusimama mtoni, maana mto ni mchanga mtupu mwezi huu. Alisimama ng'ambo, ndani ya kichaka cha miiba, na suti yake. Akina mama wa kanisa walimchomoa miiba ibada nzima. Amesema Shetani yumo kambini. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, kisha nikamtazama Kisilu, mwenye waya kwenye gitaa lake. Mutiso naye akamtazama Kisilu. Sikusema neno! Macho tu.

Jumatano, 12 Septemba

Niwe mkweli. Somo la pili halijanikubali. Nikishika uzi mmoja, mwingine unanitoroka. Nilikata tamaa nikiwa njiani na maji ya Mbinya begani, na hapo hapo wazo likaniangukia. Mwisho wa upande wa pili wa kaseti mwalimu anapiga wimbo mzima yeye mwenyewe. Na wimbo ni ule ule wa sadaka tunaouimba kila Jumapili! Kwa nini nipige mimi wakati mwalimu yupo?

Leo mazoezi ya kwaya. Redio chini ya benchi, ndani ya gunia. Mguu wangu juu ya gunia. Uzuri wa akala za tairi ni kwamba kidole gumba kiko nje, kinapapasa na kubonyeza kama cha daktari. Betri zimechoka tena, kwa hiyo zamu ilikuwa ya mwalimu mzito. Nimeacha nyuzi zangu ziwe legevu, nikawa nazigusa tu kwa adabu.

Ilikubali! Kwaya ilimfuata mwalimu chini, chini kabisa, polepole. Wanaume wa besi walikaribia kulia kwa furaha, hawajawahi kusikika namna hiyo. Muthoki, ambaye ndiye huanzisha nyimbo, alilalamika kwamba sauti imemwingia tumboni na haitoki. Lakini Mutiso, ambaye sikio moja lilichukuliwa na baruti, alifumba macho. Akasema huo sasa ni wimbo wa heshima, watu wataleta sadaka wakitembea kama watu wenye mashamba. Wimbo ulipoisha, kidole gumba, kap! Kimya. Kisilu akauliza kuna nini kwenye gunia. Nikamwambia mahindi.

"Mahindi ya kuimba?" akauliza.

Wivu. Yeye pia alipiga debe lake. Vizuri, sikatai. Lakini ni debe! Mutiso amesema Jumapili ni mimi, na Kisilu akae karibu nikipatwa na homa.

Sitapatwa na homa. Nimeanza kuota kile kiti.

Jumamosi, 15 Septemba

Nthenya amefika! Amenipa mkono, akakigeuza kiganja changu, akakitazama, akakirudisha taratibu kama mtu aliyeuliza bei na kuiogopa. Mtoto wetu Kalunde na wenzake wako salama, ng'ombe amezaa, mama mkwe anaulizia habari za stoo.

Na ameniletea viatu! Vyeusi, vya kamba, soli nene kama tofali. Anasema mtu wa stoo hawezi kuvaa akala mbele ya wageni. Nilijikaza nisilie. Akataka kuiona stoo. Nikasema ufunguo uko kwa nyapara mpaka Jumatatu, na huo si uongo. Alikaa jikoni na Mbinya mchana kutwa. Nilisikia vicheko. Wanawake wakikutana.

Jumapili, 16 Septemba

Ngoja niandike yote kabla sijalala.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Wageni kutoka Kitui, mchungaji mgeni mwenye miwani, Nthenya benchi la pili. Watu wa sadaka wamepanga foleni mlangoni na kuku, magunia ya kunde na beberu mmoja. Mimi mbele ya kwaya, gitaa mapajani, nyuzi legevu, gunia chini ya benchi, viatu vinang'aa. Mbinya akaja akaninong'oneza kwamba, kwa ajili ya nyumba ya Mungu, amenitilia betri mpya. Zote. Nikamshukuru kwa moyo! Niliona sasa wimbo utasikika mpaka sokoni.

Nikabonyeza kwa kisigino.

Mwaitu, mama yangu! Zamu ya mwalimu mchangamfu! Aliondoka kama mwizi wa mbuzi. Kwaya ikaruka nyuma yake. Muthoki alipanda juu mpaka watoto wakaziba masikio, besi wakabaki nyuma wakihema. Wenye sadaka wakaingia mbio, maana wimbo ulikuwa unawasukuma. Mzee wa beberu hakumleta beberu, beberu ndiye alimleta. Kuku wawili wakapanda madhabahuni. Nikachapa nyuzi zangu kwa nguvu nifunike mambo, zikatoa sauti ya chura ndani ya mtungi.

Nikakanyaga nizime. Soli ya tofali! Sikuhisi kitufe. Nikakanyaga kushoto, kulia, nikakanyaga gunia zima kama mtu anayeua nyoka. Wimbo ukafika mwisho wenyewe. Kimya. Halafu kutoka chini ya benchi, kwa furaha kubwa:

"Vizuri sana, mwanafunzi! Sasa rudia peke yako, bila mimi!"

Watu wote wakanitazama. Mchungaji mgeni akasema kwa upole kwamba tumpe ndugu nafasi. Wakanipa nafasi. Sijawahi kupewa nafasi kubwa hivyo. Nikapiga nilichokuwa nacho, yaani nusu ya somo la kwanza. Ule uzi wa breki ukachomoka, ukaruka, ukaangukia miguuni pa Mutiso. Akauokota. Akaunyoosha mbele ya dirisha. Akaupapasa mkono wake wenye makovu ya miiba. Alitambua uzi wake.

Kisilu hakungoja kuitwa. Alichukua debe, akapiga mwendo wa mguu wa binadamu, watu wakarudi kwenye mstari, kuku wakakamatwa, mabati yakapatikana. Stoo ni yake. Aliponipita alininong'oneza, "Mahindi yako yameiva, ndugu."

Nje nilianza kumweleza Nthenya. Nilikuwa na maelezo matatu tayari. Akanishika kiganja.

"Baba Kalunde, nilijua jana. Mkono huu ni jiwe. Mtu wa stoo atautoa wapi mkono huu?"

Akasema yeye hakuolewa na stoo. Akasema pia kwamba mama yake hana haja ya kujua, kuku alishaliwa. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta wa kanisa. Kumbe Mbinya alimsimulia habari za mpini wa sururu.

Jumanne, 18 Septemba

Nthenya ameondoka alfajiri. Ameniachia mafuta ya kupaka mikono na ameniambia nitulie, nichimbe, nirudi nyumbani. Mke mwema sana. Mutiso ameniweka upande wa jua mpaka barabara iishe.

Nimefikiri kwa makini nikichimba. Kosa si langu. Kosa ni betri mpya, zina kiburi. Na gitaa lenyewe lina nyuzi nyingi mno kwa mtu mmoja. Lakini nyuma ya kijitabu, leo tu nimeona, wanafundisha pia kodiani, kinanda cha kuvuta kwa mikono miwili, kwa njia ya posta! Kodiani haina uzi hata mmoja. Na dereva wa lori la maji anaacha kazi Desemba. Lori lina kiti laini kuliko cha stoo! Kodiani na usukani ni kitu kimoja: unakaa, unashika pande mbili. Mutiso akiniona na kodiani ataelewa mwenyewe, hasira ikipoa.

Nimeshapeleka maombi posta. Betri za Mbinya nimezianika tena juu ya choo, zile za zamani, za heshima. Na mchana nimemsimamisha dereva wa lori linaloenda Mwingi, nikampa salamu za kumpelekea mama mkwe: stoo nimeiacha, nimepandishwa cheo, sasa naendesha lori la maji.

Krismasi nitafika. Achague kuku mapema.