Niitwe wa Mwisho

Alhamisi, 6 Aprili 1967. Wamagana.

Leo shule imefungwa. Mwalimu mkuu alishukuru watu mpaka tukachoka: chifu, padri, wazazi. Halafu akasema kwa Kizungu, last but not least, akamtaja Wakonyo mpishi. Makofi! Chifu mwenyewe hakupigiwa hivyo. Nikamuuliza Mwalimu Ngendo maana yake. Akasema ni mtu anayetajwa mwisho, lakini si kwamba ni mdogo kuliko wengine. Nimewaza hayo mchana wote nikisaga mahindi ya watu kwa mashine. Kumbe heshima iko mwisho! Miaka yote nimesukumana mbele bure. Namshukuru sana Ngendo.

Ijumaa, 7 Aprili.

Jumapili ni harambee ya mabati ya kanisa. Mwenyekiti ni Mzee Theuri, babake Magdaline. Nataka kumwoa Magdaline. Ndungu, fundi wa baiskeli, naye anamtaka. Mdomo mwingi, huyo. Nimemwomba katibu Kihara aniite wa mwisho kabisa. Alikubali bila hata kuuliza. Mtu mwema. Nitatoa kondoo wangu dume, yule mnono.

Jumapili, 9 Aprili.

Ndungu aliitwa wa kwanza. Jogoo tu, tena amekonda. Mzee Theuri akamshika mkono, akamuuliza yeye ni wa nyumba gani. Nilimwonea Ndungu huruma. Nikangoja. Kondoo akala maua ya meza ya wageni. Mara mvua ikashuka, watu wakatawanyika. Kihara akapaza sauti kwamba last but not least tumshukuru Mungu, akafunga kwa sala. Nafasi yangu akapewa Mungu! Nitamlalamikia nani? Nikabaki uwanjani na kondoo, tumelowa chapachapa.

Magdaline ndiye aliyenivuta jikoni kwa akina mama. Akanipa chai ya chini ya sufuria, ile nzito. Akaniambia bila kuzunguka kwamba wazee wa Ndungu wanakuja kwao Jumamosi kuposa, na babake hajui kukataa watu. Kama namtaka, niwahi. Sijawahi kunywa chai tamu hivyo. Nilikaribia kulia.

Jumatatu, 10 Aprili.

Nimempelekea Mzee Theuri kondoo nyumbani. Alishukuru, akauliza mbona jana sikujitokeza mapema. Nikamweleza yote. Alinitazama sana, kisha akasema mimi ni mtu wa ajabu. Si kila mtu anasifiwa hivyo na mzee kama yule.

Alhamisi, 13 Aprili.

Baba mdogo Gicheru alifika na wazee wetu, wamevaa makoti, pombe ya muratina iko tayari. Ati twende kuposa leo leo. Nimewazuia. Nimewaeleza kwamba Ndungu aachwe atangulie Jumamosi, sisi twende Jumamosi ile nyingine, Mzee Theuri akishamalizana na wadogo. Baba mdogo alishika kichwa, akaomba maji ya kunywa. Nashukuru kwa familia yenye subira. Jioni Magdaline ametuma mtu kuuliza kama tunakuja. Nimemjibu asiwe na wasiwasi, tutakuja baada ya wote.